Uteuzi wa Pamba ya Kuondolea Rangi ya Kucha: Ufafanuzi kwa Mazingira ya Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua vigezo vya kuteua pamba ya kuondolea rangi ya kucha kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Tarime na Serengeti. Hoja kuu ni kwamba neno moja, pamba, limebeba bidhaa kadhaa zenye tabia tofauti, na kwamba ubora wa pamba kwa kazi hii hautokani na weupe wala ulaini wake. Hutokana na mambo matatu: kuondolewa kwa nta katika nyuzi, aina ya nyuzi zenyewe, na namna nyuzi hizo zilivyoshikanishwa. Makala yanaeleza kwanza tabia ya rangi ya kucha na viyeyushi vyake, kisha sifa za pamba, majaribio mepesi ya kuitambua, na hatari ya moto inayoambatana na matumizi yake. Inahitimishwa kwamba uteuzi wa pamba ni sehemu ya usalama wa kaya na wa huduma ya afya, si suala la urembo pekee.

1.0 Utangulizi

Wilaya za Tarime na Serengeti zinapakana, na kwa sehemu kubwa Mto Mara ndio unaozitenganisha. Tarime ina nyanda za juu zinazofaa kahawa, ndizi na mahindi, na katika mji mdogo wa Sirari inapakana na Kenya. Serengeti, yenye makao makuu yake Mugumu, ni miongoni mwa wilaya za mkoa wa Mara zinazolima pamba, zao ambalo mkoa huo unalilima pamoja na mikoa mingine ya Kanda ya Magharibi ya kilimo cha pamba. Kwa hiyo mkazi wa eneo hili hukutana na pamba kwa njia mbili. Huiona shambani na ghalani ikiwa zao la kuuza, kisha huiona dukani ikiwa imefungwa katika mfuko wa plastiki, imepaushwa na kukatwa vipande vya duara.

Rangi ya kucha nayo imekuwa sehemu ya maisha ya kawaida katika miji ya Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu, na hata katika vijiji vinavyofikiwa na minada. Kuipaka ni jambo la hiari, lakini mara nyingine kuiondoa ni jambo la lazima. Mwanafunzi hutakiwa kurudi shuleni bila rangi likizo inapokwisha. Mgonjwa anayepelekwa chumba cha upasuaji hutakiwa kuwa na kucha zisizo na rangi. Anayetayarisha chakula au anayehudumia wagonjwa hawezi kuacha rangi iliyobanduka nusu ikahifadhi uchafu. Katika hali hizo mtu hutafuta kitu chochote kilicho karibu: wembe, petroli, kipande cha godoro la sponji, au pamba iliyotolewa katika gunia la mavuno. Baadhi ya vitu hivyo havifanyi kazi, na baadhi huleta madhara yanayozidi faida.

Swali linalojibiwa na makala haya ni hili: ni pamba ipi inayofaa kuondoa rangi ya kucha, na kwa sababu gani?

2.0 Neno Moja, Bidhaa Nyingi

Katika Kiswahili neno pamba hutaja mmea, hutaja tunda lililopasuka shambani, hutaja nyuzi zilizotenganishwa na mbegu, na hutaja pia bidhaa nyeupe inayouzwa katika maduka ya dawa. Biashara ya zao hili imelazimika kuongeza maneno ili kuondoa utata. Pamba mbegu ni ile iliyochumwa na bado ina mbegu ndani yake. Pamba nyuzi ni ile iliyokwisha kupita katika kiwanda cha kuchambulia na kufungwa marobota. Bidhaa ya duka la dawa huitwa kwa kawaida pamba ya hospitali. Ile iliyobanwa na kukatwa katika umbo la duara haina jina moja lililokubalika. Katika makala haya itaitwa kipande bapa cha pamba. Neno pedi halikutumiwa, kwa kuwa nchini Tanzania limekwisha kuzoeleka kuwa jina la taulo za kike.

Utata huu una matokeo ya kivitendo. Kwa kuwa jina ni moja, ni rahisi kudhani kwamba kitu ni kimoja, na kwamba tofauti ya pamba ya ghalani na pamba ya dukani ni mfuko na bei tu. Dhana hiyo huimarishwa na mfumo wa madaraja. Katika ununuzi wa pamba mbegu mkulima huzoea kutofautisha pamba safi na pamba fifi. Safi ni nyeupe, kavu na isiyo na majani. Fifi imebadilika rangi au imechanganyika na uchafu. Madaraja hayo yana maana kubwa kwa bei na kwa viwanda vya nyuzi, lakini hayasemi lolote kuhusu uwezo wa pamba kufyonza kimiminika. Pamba safi ya daraja la kwanza, ikiwekwa juu ya maji, huelea.

3.0 Rangi ya Kucha na Viyeyushi Vyake

3.1 Utando wa rangi

Rangi ya kucha ya kawaida ni mchanganyiko wa rangi, vilainishi, utomvu wa kutengenezwa na polima iitwayo nitroselulosi, vyote vikiwa vimeyeyushwa katika kiyeyushi chepesi. Inapopakwa, kiyeyushi hugeuka mvuke na kuacha utando mgumu juu ya ukucha. Hakuna muungano mpya wa kikemia unaofanyika. Utando umekauka tu, na ukikutana tena na kiyeyushi kinachofaa hurudi kuwa kimiminika. Kuondoa rangi ya kucha, kwa msingi huu, ni kurudisha nyuma tendo la kuipaka.

Jambo la kuzingatiwa na mtafiti ni asili ya nitroselulosi. Hutengenezwa kwa kutibu selulosi, iwe ya pamba au ya miti, kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya salfuri. Mkemia Christian Friedrich Schönbein aliitangaza mwaka 1846, na kwa viwango vya juu vya naitrojeni ilitumika kuwa baruti. Kwa hiyo utando unaoondolewa na pamba inayouondoa vyaweza kuwa na asili moja. Tofauti ni kwamba selulosi iliyotibiwa huyeyuka katika asetoni, ilhali selulosi ya pamba isiyotibiwa haiyeyuki. Ndiyo sababu pamba inaweza kushika asetoni na kusugua rangi bila yenyewe kuharibika.

3.2 Viyeyushi vinavyofaa na visivyofaa

Viondoa rangi vinavyouzwa madukani vimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza lina asetoni, ambayo mara nyingi huchanganywa na maji kidogo, manukato na mafuta. Kundi la pili hutangazwa kuwa halina asetoni, na kwa kawaida hutumia kiyeyushi kiitwacho ethili asetati au vinavyofanana nacho. Kundi hili hufanya kazi polepole zaidi. Yote mawili huwaka moto kwa urahisi; maneno ya kwamba chupa haina asetoni hayamaanishi kwamba ni salama karibu na jiko.

Petroli na mafuta ya taa hutumiwa na baadhi ya watu kwa dhana kwamba kiondoacho rangi ya mbao kitaondoa rangi yoyote. Dhana hiyo si sahihi. Nitroselulosi haiyeyuki katika mafuta ya aina hiyo. Anayesugua ukucha kwa petroli huishia kukausha ngozi, kuvuta mvuke wenye sumu na kujiweka karibu na moto, huku utando ukibaki mahali pake. Spiriti ya hospitali inaweza kuulainisha utando kwa taratibu, lakini hailingani na asetoni, nayo pia huwaka. Wembe hauyeyushi chochote: huondoa rangi pamoja na tabaka za keratini, yaani ukucha wenyewe, na kuuacha mwembamba na rahisi kupasuka.

Rangi za jeli, zinazokaushwa kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, ni kundi tofauti. Hizi haziwi ngumu kwa kukauka tu, bali molekuli zake hufungamana. Asetoni haiziyeyushi moja kwa moja. Huzivimbisha hadi zikaachia ukucha, na tendo hilo huhitaji dakika 10 hadi 15 za kulowekwa. Hina nayo haimo katika mjadala huu. Rangi yake huingia ndani ya keratini na kuungana nayo, hivyo hakuna utando wa kuyeyusha, na pamba yenye asetoni haitaiondoa. Huisha kadiri ukucha unavyokua na kukatwa.

4.0 Sifa za Pamba Zinazoamua Kazi

4.1 Kuondolewa kwa nta

Unyuzi wa pamba una umbo la mrija uliosinyaa na kujipinda. Sehemu yake kubwa ni selulosi, dutu inayopenda maji. Hata hivyo, mmea huufunika unyuzi huo kwa tabaka jembamba la nta na pektini. Nta ni sehemu ndogo sana, takribani asilimia moja ya uzito au chini ya hapo, lakini kwa kuwa iko juu ya unyuzi ndiyo inayokutana na maji kwanza na kuyakataa. Hiyo ndiyo sababu pamba mbegu iliyonyeshewa shambani hailowi mara moja, na sababu ya robota la pamba nyuzi kuweza kuelea.

Katika viwanda vya pamba ya tiba, pamba huchemshwa katika maji yenye kostiki soda ili nta na pektini ziondoke, kisha hupaushwa, kwa kawaida kwa haidrojeni peroksaidi, husuuzwa, hukaushwa na kuchanwa. Kinachobaki ni selulosi karibu tupu. Vitabu rasmi vya viwango vya dawa, kama vile cha Uingereza na cha Ulaya, vinaitaka pamba ya kufyonza izame ndani ya maji kwa muda usiozidi sekunde 10, na ishike maji yasiyopungua gramu 23 kwa kila gramu moja ya pamba. Takwimu hizo mbili, kasi ya kuzama na kiasi kinachoshikwa, ndizo kipimo bora zaidi cha kuelewa maana ya pamba nzuri.

Hapa panahitajika tahadhari ya kihoja. Asetoni si maji. Mvutano wake wa uso ni takribani theluthi moja ya ule wa maji, na kwa sababu hiyo hupenya hata katika nyuzi zenye nta. Mtu akimimina asetoni juu ya pamba ya ghalani ataona imeingia, na anaweza kuhitimisha kwamba pamba hiyo inafaa. Hitimisho hilo lina kasoro nne. Kwanza, viondoa rangi vingi vina maji, na kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo nta inavyokataa. Pili, pamba isiyochambuliwa na kusafishwa kiwandani ina vipande vya majani, maganda ya mbegu na vumbi, ambavyo hunasa katika rangi iliyolainika na kukwaruza ngozi ya kando ya ukucha. Tatu, pamba ya shambani huwa imepuliziwa viuatilifu mara kadhaa kabla ya kuvunwa, na kiyeyushi huweza kubeba mabaki ya viuatilifu hivyo hadi kwenye ngozi. Nne, nyuzi zake hazijachanwa na kupangwa, hivyo hushika kimiminika katika sehemu moja na kukiacha katika nyingine. Kwa hiyo hoja dhidi ya pamba ya ghalani si kwamba haifyonzi kabisa, bali kwamba tabia yake haitabiriki na usafi wake haujathibitishwa.

Inafaa kutaja pia kwamba pamba ya Kanda ya Magharibi, ambayo aina zake zimetokana na utafiti wa kituo cha Ukiriguru mkoani Mwanza, huthaminiwa sokoni kwa urefu wa nyuzi zake na kwa kuchumwa kwa mkono. Urefu huo ni muhimu kwa kusokota nyuzi za nguo. Kwa pamba ya kufyonza hauna uzito huohuo. Viwanda hutumia hata nyuzi fupi zinazobaki baada ya kuchana pamba ya kusokotwa. Pamba bora ya mfumaji, kwa maneno mengine, si lazima iwe pamba bora ya mwondoa rangi.

4.2 Aina ya nyuzi

Si kila kipande cheupe na laini kinachouzwa kwa jina la pamba kimetengenezwa kwa pamba. Vingine ni vya poliesta, vingine ni vya viskosi inayotokana na miti, na vingine ni mchanganyiko. Poliesta haiyeyuki katika asetoni, kwa hiyo haiharibiki mara moja, lakini haifyonzi ndani ya unyuzi wake. Hushika kimiminika katikati ya nyuzi tu, nacho hudondoka kikibanwa. Matokeo yake ni kwamba asetoni humwagika juu ya vidole na meza badala ya kukaa juu ya ukucha. Viskosi hufyonza vizuri, kwa kuwa nayo ni selulosi, ingawa hudhoofika inapolowa maji.

Nyuzi za asetati, ambazo hupatikana katika baadhi ya vitambaa vya hariri bandia, ni hatari ya aina yake. Asetoni huziyeyusha. Anayetumia kipande cha bitana kuondolea rangi, au anayedondosha asetoni kwenye nguo ya namna hiyo, ataona kitambaa kikigeuka utomvu na kutoboka. Sponji ya godoro huvimba na kumeguka. Vipande vya kanga au kitenge vya pamba halisi hufyonza, lakini rangi zake zinaweza kuachia na kupaka vidole. Karatasi laini ya chooni ina selulosi na hufyonza haraka, lakini haina nyuzi ndefu za kuhimili msuguano, hivyo hukatika na kuacha vipande vinavyogandia ukucha.

4.3 Muundo

Pamba iliyosafishwa kwa kiwango kilekile inaweza kuuzwa katika miundo mitatu: roli, madonge na vipande bapa. Tofauti yake ni namna nyuzi zilivyoshikanishwa. Katika roli na madonge nyuzi zimelala tu pamoja, na rangi inapolainika kuwa kama gundi, nyuzi hung'oka na kubaki juu ya ukucha. Katika kipande bapa nyuzi zimebanwa, na mara nyingi kingo zimegandamizwa au zimeshonwa, ili zisitoke. Kipande bapa pia hugusa ukucha kwa eneo pana na kwa mkandamizo ulio sawa, wakati donge hugusa kwa sehemu ndogo na kupoteza kiyeyushi kwa mvuke katika sehemu zake zisizogusa.

Uteuzi, basi, hufuata aina ya rangi. Kwa rangi ya kawaida, kipande bapa chenye kingo zilizobanwa ndicho kinachofaa zaidi. Kinaweza kukatwa robo nne, na kila robo ikatumika kwa kucha kadhaa. Kwa rangi yenye chembe za kumetameta, ambazo haziyeyuki na hubaki juu ya ukucha, kinahitajika kipande chenye uso wenye mikwaruzo midogo iliyopigwa chapa, kwa kuwa chembe hizo lazima zisuguliwe. Kwa rangi ya jeli sifa muhimu ni kiasi kinachoshikwa: kipande kinene cha pamba halisi, kilichokatwa kwa ukubwa wa ukucha na kufungwa kwa karatasi ya alumini ili mvuke usitoroke. Hapa roli ya pamba ya hospitali hutosha, kwa kuwa pamba hailazimiki kusugua bali kulowesha tu.

Namna ya kutumia huamua pia mafanikio. Kipande hulazwa juu ya ukucha na kukandamizwa kwa sekunde 5 hadi 10, kisha huvutwa mara moja kutoka shinani kuelekea nchani. Anayesugua papo hapo huyeyusha tabaka la juu tu na kulisambaza kwenye ngozi, kisha hulaumu pamba. Baada ya kazi, mikono huoshwa kwa sabuni na kupakwa mafuta, kwa sababu asetoni huondoa pia mafuta ya asili ya ukucha na ngozi.

5.0 Majaribio Mepesi ya Kuitambua Pamba

Mfuko wa bidhaa hauelezi daima kilichomo ndani, na bidhaa za dukani katika eneo hili hutoka pande nyingi, zikiwamo zinazopita Sirari na zinazoletwa kutoka Mwanza. Majaribio matatu yafuatayo yanaweza kufanywa nyumbani au darasani bila kifaa maalumu.

La kwanza ni la kuzama. Kipande kidogo, kikavu, kinawekwa taratibu juu ya maji katika bakuli. Pamba iliyoondolewa nta hulowa na kuzama ndani ya sekunde chache. Inayoelea kwa dakika nzima bado ina nta, au si pamba.

La pili ni la kuungua. Nyuzi chache kavu, ambazo hazijaguswa na kiyeyushi chochote, hushikwa kwa koleo na kuwashwa nje ya nyumba, mbali na chupa. Pamba huungua haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko huonesha tabia zote mbili.

La tatu ni la kuvuta. Kipande kilicholowa husuguliwa mara kumi juu ya kitu kikavu chenye uso mkwaruzo kidogo, kama vile ukuta wa saruji. Kinachoacha nyuzi nyingi ukutani kitaacha nyuzi juu ya kucha.

Majaribio haya yanaweza pia kuonesha kazi ya usafishaji. Pamba nyuzi ikichemshwa kwa muda wa saa moja katika maji yenye magadi na sabuni, kisha ikasuuzwa vizuri na kukaushwa, itazama kwa haraka kuliko ilivyokuwa kabla. Kwa shule za sekondari za wilaya inayolima pamba, somo hilo linagharimu kidogo na linafundisha mengi kuhusu thamani inayoongezwa na kiwanda. Ieleweke kwamba pamba iliyochemshwa hivyo haijatakaswa, na haifai kwa vidonda.

6.0 Moto na Mvuke

Asetoni huchemka katika nyuzi joto 56 za sentigredi, na mvuke wake unaweza kushika moto hata pale kimiminika kinapokuwa na ubaridi wa nyuzi 18 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba katika hali yoyote ya hewa ya Tarime au Mugumu, asubuhi ya baridi au mchana wa jua, chupa iliyo wazi hutoa mvuke unaoweza kuwaka. Mvuke huo ni mzito mara mbili ya hewa. Hauendi juu, huteremka na kutambaa sakafuni.

Tabia hiyo ina uzito wa pekee katika nyumba ambamo mafiga au jiko la mkaa huwa sakafuni, na ambamo taa ni kibatari. Mtu anaweza kuwa ameketi juu ya kigoda, mbali kiasi na jiko, akidhani yuko salama, ilhali mvuke unalifikia jiko kwa chini. Pamba iliyolowa huongeza hatari, kwa kuwa hutandaza kiyeyushi juu ya eneo pana la nyuzi na nyuzi zenyewe ni kuni. Ni kwa sababu hii kiasi kinachofyonzwa na kushikwa si suala la ufanisi tu. Pamba inayodondosha asetoni juu ya kanga ya mtumiaji imegeuza nguo yake kuwa utambi.

Tahadhari zinazofuata ni chache na zinawezekana. Kazi ifanyike nje au penye dirisha wazi, mchana, kabla ya jiko kuwashwa. Chupa ifungwe mara tu baada ya pamba kuloweshwa. Watoto wasikabidhiwe chupa. Vipande vilivyotumika viachwe vikauke nje kwanza, kisha ndipo vitupwe. Visitupwe vikiwa vimelowa katika shimo la taka linalowaka wala katika choo cha shimo ambamo mtu anaweza kuingia na mshumaa.

Suala la maambukizi nalo halipaswi kupuuzwa, hasa kwa wapaka rangi za kucha wanaozunguka mitaani na minadani. Kipande kimoja cha pamba kinachopita vidoleni mwa wateja watatu kinaweza kuhamisha fangasi wa kucha, na pale ngozi inapokwaruzwa, damu pia. Asetoni si dawa ya kutegemewa ya kuua vijidudu. Kanuni inayofaa ni kila mteja na kipande chake.

7.0 Pale Uondoaji Unapokuwa wa Lazima

Katika huduma ya afya, kipima oksijeni cha kidole hupitisha mwanga wa aina mbili, mwekundu na wa infraredi, katika ncha ya kidole, kisha hulinganisha kiasi kilichofyonzwa na damu. Rangi ya kucha hukaa katika njia ya mwanga huo. Tafiti nyingi zimeonesha kwamba kosa linalotokea kwa kawaida ni dogo, na kwamba rangi nzito, kama vile nyeusi, buluu na kahawia, ndizo zinazotiliwa shaka zaidi. Pamoja na hayo, mwongozo wa mafunzo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kifaa hiki unaelekeza rangi iondolewe. Sababu ni nyepesi kueleweka: kwa mgonjwa aliye katika hatari, tofauti ndogo inaweza kubadili uamuzi. Aidha, mhudumu huuangalia ukucha kwa macho ili kuona kama damu imepungua oksijeni, na rangi huziba dalili hiyo.

Mama mjamzito anayepelekwa upasuaji wa dharura usiku hana nafasi ya kwenda dukani. Ikiwa rangi haiwezi kuondolewa kwa haraka, kipimo kinaweza kuwekwa kwa upande wa kidole au mahali pengine mwilini, na mhudumu ndiye anayeamua. Kwa upasuaji uliopangwa, hata hivyo, familia inaweza kujiandaa. Chupa ndogo ya kiondoa rangi na vipande vichache vya pamba halisi ni vitu vya kuwekwa pamoja na kanga na beseni. Mwenye rangi ya jeli ana sababu ya kuanza mapema zaidi, kwa kuwa yake haiondoki kwa dakika mbili.

Kwa wahudumu wa afya wenyewe, mwongozo wa usafi wa mikono wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unakataza kucha bandia kwa wanaogusa wagonjwa, na unataka ncha za kucha asilia zisizidi nusu sentimita. Rangi iliyobanduka huacha nyufa zinazoweza kuhifadhi vijidudu. Kwa mwanafunzi, shinikizo ni la muda: kesho shule inafunguliwa, na wembe uko karibu kuliko duka. Mzazi au mwalimu anayeeleza mapema kwamba kipande kimoja cha pamba na matone machache ya asetoni hutosha, na kwamba petroli haitosaidia, humwepusha mtoto na jeraha na moto kwa pamoja.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba pamba inayofaa kuondoa rangi ya kucha ni ile iliyoondolewa nta, yenye nyuzi za selulosi, iliyobanwa kiasi cha kutoacha nyuzi, na inayoshika kiyeyushi bila kukidondosha. Kwa rangi ya kawaida huo ni wasifu wa kipande bapa. Kwa rangi ya jeli, wa pamba nene ya hospitali. Pamba ya ghalani, hata iwe safi kiasi gani kwa madaraja ya mnunuzi, haijapitia hatua inayoipa sifa hizo. Kati ya gunia la pamba mbegu linalotoka Serengeti na mfuko wa vipande vya duara unaorudi kuuzwa Mugumu kuna maji ya moto, kostiki soda, kupausha, kuchana na kubana. Neno pamba huzificha hatua hizo zote.

Kwa watumiaji, mapendekezo yanayotokana na ufafanuzi huu ni kufanya jaribio la kuzama kabla ya kuiamini bidhaa mpya, kutenga kiondoa rangi na moto wa aina yoyote, na kuacha kabisa wembe na petroli. Kwa walimu wa sayansi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, pamba inatoa mfano ulio karibu na maisha ya wakazi wa kufundishia ufyonzaji, uyeyukaji na hatari ya mvuke. Kwa watafiti wa Kiswahili, ipo kazi ya kusanifu majina ya bidhaa hizi, ili anayenunua aweze kutaja kwa neno kile anachokihitaji, na anayeuza aweze kumpa hichohicho.